Mchoro wa Lewis unapogoma: kutafuta chanzo pale okteti isipotimia

Unachora mchoro wa Lewis, ambamo mstari ni bondi, yaani jozi ya elektroni inayoshirikiwa na atomu mbili, na nukta ni elektroni isiyoshirikiwa, nawe unataka kila atomu izungukwe na elektroni nane, yaani okteti. Umejumlisha elektroni za nje, umeweka atomu ya kati, umechora mistari, umegawa nukta zilizobaki, na bado kuna atomu yenye saba, au sita, au kumi. Wengi wakifika hapa huongeza nukta ambayo haikuwepo ili hesabu ipendeze. Wengine hufungua orodha ya vighairi waliyoikariri na kutafuta kama jina la molekuli limo. Njia zote mbili zinakunyima sehemu nzuri kuliko zote katika somo hili, kwa sababu mahali mchoro unapogomea ndipo molekuli inapokueleza itafanya nini ikikutana na nyingine.

Mwongozo huu unaanzia kwenye dalili inayoonekana karatasini, unaifuata hadi kwenye chanzo, kisha unasema ufanye nini na mchoro wako. Shika jambo moja tangu sasa: jumla ya elektroni haibadiliki hata kwa moja. Jumla ikigombana na okteti, okteti ndiyo inayosalimu amri.

Na hilo lina sababu. Gilbert Lewis alipotoa wazo la jozi inayoshirikiwa mwaka 1916, jozi ndiyo aliyoiona kuwa ya msingi kuliko nane. Irving Langmuir ndiye aliyeipa nane jina la okteti mwaka 1919 na kuieneza. Nane inatokana na nafasi iliyopo: ganda la nje la atomu za mstari wa pili wa jedwali radidia lina obitali (nafasi ambamo elektroni hukaa) moja ya s na tatu za p, na kila obitali inabeba elektroni mbili. Atomu ikiwa na obitali chache zaidi, au ikiwa pana kiasi cha kuzungukwa na majirani wengi, au elektroni zenyewe zikiwa pungufu, hakuna kinachoilazimisha nane itokee.

Kwanza hakikisha tatizo ni la kweli

Michoro mingi inayogoma imegomea kwenye kujumlisha. Kosa linalojirudia kuliko yote ni kusahau chaji ya ioni. Chukua naitreti, NO₃⁻. Naitrojeni inaleta 5, oksijeni tatu zinaleta 18, jumla 23. Ni namba witiri, na mtu anaanza kutangaza kwamba amepata kighairi. Alama ile ndogo ya kutoa inasema kuna elektroni moja ya ziada, kwa hiyo ni 24, na okteti inatimia kwa kila atomu bila shida. Ioni hasi unaiongezea, ioni chanya unaipunguzia.

Kuona jinsi elektroni moja ilivyo na uzito, linganisha NO₂⁺, NO₂ na NO₂⁻. Atomu ni zilezile, ila jumla ni 16, 17 na 18. Ya kwanza imenyooka kabisa, nyuzi 180. Ya pili imepinda hadi nyuzi 134. Ya tatu imepinda zaidi, karibu nyuzi 115, kwa sababu sasa naitrojeni ina jozi huru nzima, yaani jozi isiyo kwenye bondi, inayosukuma bondi zake pembeni. Ukikosea hesabu kwa moja, utakuwa umechora kitu kingine kabisa.

Chanzo cha pili ni mpangilio wa atomu. Haidrojeni haikai katikati kwenye michoro ya kawaida, maana ganda lake linajaa kwa elektroni mbili tu. Ukiona umeizungushia nukta nyingine baada ya kuipa mstari mmoja, zifute. Katikati huwekwa, mara nyingi, atomu isiyovuta elektroni kwa nguvu kama wenzake. Lakini angalia mtego: okteti peke yake haikuonyeshi kwamba mpangilio ni mbaya. Ukichora N₂O kwa kuweka oksijeni katikati, N=O=N, kila atomu inapata nane sawasawa. Kinachofichua kosa ni chaji rasmi.

Chaji rasmi inapatikana hivi: chukua elektroni za nje ambazo atomu ingekuwa nazo ikiwa peke yake, toa elektroni zisizo kwenye bondi, toa tena moja kwa kila mstari unaoigusa. Kwa N=O=N, oksijeni inapata +2 na kila naitrojeni −1. Oksijeni, inayovuta elektroni kuliko naitrojeni, imeachwa na upungufu wa mbili: huo si mchoro wa kuaminika. Weka naitrojeni katikati, N≡N−O, na chaji zinakuwa 0, +1 na −1, hasi ikiwa juu ya oksijeni inakostahili. Jizoeze hesabu hii mpaka mkono uizoee, kwa sababu kila sehemu inayofuata inaitegemea.

Chanzo cha tatu ni kuchora mistari mahali pasipo na bondi za kushirikiana. Chumvi ya mezani ni ioni za sodiamu na kloridi zilizopangwa kwenye fuwele. Mstari kati ya Na na Cl hauna maana. Alumini inachanganya zaidi. AlF₃ ni kigumu cha ioni kinachostahimili joto la zaidi ya nyuzi 1,200 za Selsiasi, ilhali AlCl₃ inageuka mvuke kwenye nyuzi 180 hivi, na mvuke huo ni wa molekuli. Fomula zinafanana, tabia ni mbili tofauti.

Kama umepita hapa na mchoro bado unagoma, basi una tatizo halisi.

Dalili: elektroni moja imebaki bila mwenza

Jumla ikiwa witiri, acha kuhangaika. Haiwezekani atomu zote zipate nane, kwa kuwa kila atomu yenye nane ina elektroni zake zote katika jozi. Molekuli ya aina hii huitwa radikali. Swali lililobaki ni moja: elektroni pweke iwekwe wapi?

Jibu linatoka kwenye chaji rasmi. Naitriki oksaidi, NO, ina 5 na 6, jumla 11. Chora bondi ya jozi mbili, ipe oksijeni jozi huru mbili, naitrojeni jozi huru moja na ile elektroni pweke. Chaji rasmi ni sifuri pande zote. Ukihamishia upungufu kwenye oksijeni, inapata +1 na naitrojeni −1, kinyume cha mvuto wao wa elektroni. Kwa hiyo naitrojeni ndiyo inayobaki na saba.

Hata hivyo usiuamini mchoro huo kupita kiasi. Urefu wa bondi katika NO ni pikomita 115 (pikomita ni sehemu moja ya trilioni ya mita). Ondoa elektroni moja upate NO⁺, na bondi inafupika hadi pikomita 106. Kuondoa elektroni kumeiimarisha bondi! Maana yake elektroni ile pweke haikuwa imetulia juu ya naitrojeni kama nukta. Ilikuwa kwenye obitali pinzani, yaani obitali ambayo elektroni ikikaa humo hudhoofisha bondi. Kwa lugha ya obitali za molekuli, yaani obitali zinazoenea juu ya molekuli nzima, NO ina bondi yenye thamani ya mbili na nusu, na hakuna namna ya kuchora nusu mstari kwa nukta za Lewis. Molekuli hii ndogo ndiyo inayoiambia misuli ya mishipa ya damu ilegee. Robert Furchgott, Louis Ignarro na Ferid Murad walipewa Tuzo ya Nobel ya tiba mwaka 1998 kwa kugundua kazi yake hiyo mwilini.

Sasa NO₂, yenye 17. Elektroni pweke inakaa hasa kwa naitrojeni, na hapo mchoro unakupa utabiri: radikali mbili zikikutana, nukta mbili pweke zinaweza kufanya jozi. Ndivyo inavyokuwa. NO₂ mbili zinaungana, naitrojeni kwa naitrojeni, zinatoa N₂O₄ yenye elektroni 34, na kila atomu sasa ina nane. Gesi ya kahawia inapoteza rangi ikipozwa na kuirudisha ikipashwa moto, kwa kuwa bondi hiyo mpya ni dhaifu: ina urefu wa pikomita 175 hivi, wakati bondi ya kawaida kati ya naitrojeni mbili, kama ile ya haidrazini, ni pikomita 145. Gesi hii ni sumu kwa mapafu, kwa hiyo jaribio hilo hufanywa kwenye mrija uliofungwa.

Klorini dayoksaidi, ClO₂, ina 19 na haiungani kirahisi namna hiyo, kwani elektroni yake pweke imesambaa juu ya atomu zote tatu na hakuna mahali pamoja palipo wazi kwa jirani. Bado ni radikali yenye ukali, na ukali huo ndio unaoifanya itumike kutakasa maji na kung'arisha rojo ya karatasi.

Dalili: atomu ya kati ina sita, au nne tu

Hapa hutawakuta wengi. Ni beriliamu, boroni na alumini kwa sehemu kubwa. Beriliamu inaleta elektroni mbili, boroni tatu, alumini tatu. Ikiwa kila elektroni itatumika kutengeneza bondi moja na jirani, beriliamu inaishia na nne na boroni na sita.

BF₃ ina 3 na 21, jumla 24. Mistari mitatu inakula 6, na 18 zilizobaki zinajaza florini tatu. Boroni imebaki na sita. Mwanafunzi mwangalifu atauliza, na ana haki ya kuuliza: kwa nini florini moja isitoe jozi yake huru ikafanya bondi ya jozi mbili, boroni nayo ikapata nane? Fanya hesabu ya chaji rasmi. Florini inapata +1 na boroni −1. Florini ndiyo elementi inayovuta elektroni kuliko zote kwenye jedwali, nasi tumeifanya iwe mtoaji. Ndiyo maana mchoro unaopendelewa ni ule wa boroni yenye sita, na huo ndio ningekushauri uchore.

Lakini ukweli una tabaka jingine. Bondi ya B na F katika BF₃ ina urefu wa pikomita 131 hivi, na katika BF₄⁻ inarefuka hadi karibu 140. Ule ufupi unaonyesha kwamba florini hurudisha kiasi fulani cha elektroni zake kwenye obitali tupu ya boroni. Ni kiasi tu, wala si bondi kamili ya pili. Ushahidi mwingine unatoka kwa dada yake: BCl₃ hupokea jozi ya elektroni kwa hamu kubwa kuliko BF₃ inapokutana na amonia, ingawa mtu angetarajia kinyume kwa kuangalia ukali wa florini.

Kile kinachofanywa na obitali tupu ndicho kiini cha sehemu hii. BF₃ ikikutana na NH₃, naitrojeni inatoa jozi yake huru yote, boroni inaipokea, na zinatokea F₃B−NH₃. Boroni imepata nane. Umbo lake linabadilika kutoka bapa la nyuzi 120 hadi la pande nne. Mchoro ulikuwa umekwambia: penye sita kuna mahali pa kupokea jozi moja. Vitu vya namna hii vinaitwa asidi za Lewis, na AlCl₃ ni maarufu kati yao tangu Charles Friedel na James Crafts walipoitumia mwaka 1877 kuambatisha minyororo ya kaboni kwenye pete ya benzini.

Asipopatikana mtoaji wa nje, molekuli hizi hutafuta jozi kwa wenzao. AlCl₃ kwenye mvuke hujiunga mbili mbili kuwa Al₂Cl₆: klorini mbili zinasimama katikati kama madaraja, kila moja ikitoa jozi huru kwa alumini ya upande wa pili, na alumini zote mbili zinapata nane. BeCl₂ huwa molekuli pweke iliyonyooka, beriliamu ikiwa na nne tu, pale inapokuwa gesi yenye joto kali. Ikiwa kigumu hujifunga mnyororo mrefu wenye madaraja ya klorini kati ya kila beriliamu mbili. Kwa hiyo ukiulizwa "BeCl₂ inavunja okteti?", jibu sahihi linaanza na swali: katika hali gani?

Kisha kuna dayborani, B₂H₆, ambayo haitibiki kwa njia yoyote kati ya hizo. Fomula yake inafanana na ethani, C₂H₆, na watu huichora hivyohivyo. Ethani inahitaji mistari saba, elektroni 14, nazo zipo. Dayborani ina 12 tu. Haidrojeni haina jozi huru ya kutoa, kwa hiyo madaraja ya aina ya klorini hayawezekani. Tatizo sasa limeshuka hadi kwenye mstari wenyewe, yaani wazo kwamba kila bondi ni jozi moja kati ya atomu mbili.

Mwaka 1943, Christopher Longuet-Higgins, akiwa bado mwanafunzi wa Oxford, alichapisha pamoja na mwalimu wake Ronald Bell hoja kwamba haidrojeni mbili zimekaa kati ya boroni mbili. Haidrojeni nne za pembeni zina bondi za kawaida na zinatumia elektroni 8. Nne zilizobaki zinagawanywa kwenye madaraja mawili, kila daraja likiwa na jozi moja inayoshikilia atomu tatu: boroni, haidrojeni, boroni. Vipimo vinakubali. Bondi za pembeni zina pikomita 119, za darajani 133, ndefu na dhaifu zaidi, kama inavyotarajiwa jozi moja inapogawanywa kwa watatu. William Lipscomb aliendeleza wazo hili kwa familia nzima ya borani na kupewa Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 1976. Ukichora dayborani, chora kila daraja kwa mistari miwili iliyopinda inayopita kwenye haidrojeni, na kumbuka kwamba hapo mistari yote miwili kwa pamoja ina jozi moja tu.

Dalili: atomu ya kati imepita nane

Umejaza atomu zote za pembeni na elektroni bado zimebaki. Au majirani ni watano au sita na kila mmoja anataka mstari wake. PCl₅ ina elektroni 40, na fosforasi inaishia na 10. SF₆ ina 48, na salfa ina 12. ClF₃ ina 28, klorini 10. XeF₂ ina 22, zenoni 10. XeF₄ ina 36, zenoni 12.

Tiba ya karatasini ni nyepesi: jaza pembeni kwanza, kisha elektroni zilizobaki ziweke zote juu ya atomu ya kati, hata ikipita nane. Usizihamishie florini, maana ina nane zake. Jozi huru za atomu ya kati ndizo zinazotengeneza umbo, kwa hiyo zihesabu kwa makini. SF₆ haina hata moja, nayo ni umbo la pande nane lililo linganifu. XeF₄ ina mbili, zinakaa juu na chini, na florini nne zinabaki kwenye mraba bapa. XeF₂ ina tatu, nazo zinaizunguka zenoni kiunoni, na molekuli inanyooka. ClF₃ ina mbili na inakuwa kama herufi T.

Tiba ya akilini inahitaji subira zaidi, na hapa sikubaliani na maelezo ambayo vitabu vingi vya shule bado vinayatoa. Yanasema kwamba atomu za mstari wa tatu na kuendelea zina obitali za d zilizo tupu, na elektroni za ziada zinaingia humo. Ni maelezo mepesi kukumbuka, lakini hesabu za kisasa za kemia ya kwanta zinaonyesha kwamba mchango wa obitali hizo ni mdogo, kwa kuwa nishati yake iko juu mno.

Picha bora ilitolewa na George Pimentel mwaka 1951 na Robert Rundle katika miaka hiyohiyo. Chukua F−Xe−F iliyonyooka. Atomu tatu, elektroni nne za kugawana. Jozi moja inaingia kwenye obitali inayozishika atomu zote tatu pamoja. Jozi ya pili inaingia kwenye obitali ambayo karibu yote iko juu ya florini mbili za mwisho, na juu ya zenoni hakuna kitu. Ukihesabu hivyo, zenoni haijapita nane kwa kweli. Elektroni za ziada zimesukumwa kwa majirani.

Picha hii inaeleza mambo ambayo obitali za d hazikuyaeleza. Kwa nini majirani katika molekuli hizi karibu kila mara ni florini, oksijeni au klorini? Kwa sababu mwisho wa mstari lazima uwe na atomu inayofurahia kubeba chaji hasi. Kwa nini bondi ni ndefu? Katika ioni ya I₃⁻ kila bondi ina karibu pikomita 292, ilhali katika I₂ ya kawaida ni 267, kwa kuwa sasa jozi moja inayofanya kazi inashika bondi mbili. Katika PCl₅, klorini mbili zilizo kwenye mhimili ziko mbali zaidi, pikomita 214, kuliko tatu za kiunoni zenye 202. Mhimili ndio wenye mstari wa atomu tatu. Na PCl₅ ikiwa kigumu huachana na umbo hilo: inagawanyika kuwa PCl₄⁺, yenye nane kamili, na PCl₆⁻.

Zenoni inastahili kusimuliwa. Kwa muda mrefu okteti ilifundishwa kana kwamba gesi adimu haziwezi kabisa kuungana na chochote, kwa kuwa zina nane zao tayari. Neil Bartlett, akifanya kazi Vancouver nchini Kanada, aliona kwamba platini heksafloridi imeweza kunyang'anya elektroni kutoka kwa oksijeni yenyewe, O₂. Akatazama nishati inayohitajika kung'oa elektroni moja: elektronivolti 12.07 kwa O₂, na 12.13 kwa zenoni. Tofauti ni ndogo mno. Mwaka 1962 akachanganya zenoni na gesi hiyo, na papo hapo kikatokea kigumu cha rangi. Kabla mwaka huo haujaisha, XeF₂ na XeF₄ zilikuwa zimetengenezwa. Aliyechukulia nane kuwa sheria hakuwa na sababu ya kujaribu. Bartlett alitazama nishati.

Jambo moja zaidi kuhusu tabia. Kupita nane hakumaanishi molekuli ni ya vurugu. SF₆ ni tulivu kiasi kwamba hutumika kuzuia cheche kwenye swichi za umeme wa msongo mkubwa, na utulivu huohuo unaifanya idumu angani ikishavuja, ambako tani moja yake hupasha dunia joto kama tani 23,500 hivi za kaboni dayoksaidi kwa kipimo cha miaka 100. SF₄, yenye florini mbili pungufu na jozi huru moja, humenyuka na maji mara moja. Tofauti iko kwenye nafasi: florini sita zimeifunika salfa pande zote, florini nne zimeacha mlango wazi.

Dalili: kaboni, naitrojeni, oksijeni au florini ina kumi

Umekosea. Hapa hakuna mjadala. Kosa huonekana zaidi kwenye asidi ya naitriki, HNO₃, pale naitrojeni inapochorewa bondi mbili za jozi mbili na moja ya kawaida. Futa moja ya zile mbili, oksijeni yake ipate −1 na naitrojeni +1. Chaji rasmi kwenye molekuli isiyo na chaji haiogopeshi. Wala kaboni monoksaidi isikuogopeshe, yenye bondi ya jozi tatu, −1 kwa kaboni na +1 kwa oksijeni. Ndiyo maana PCl₅ ipo na NCl₅ haipo: naitrojeni ni ndogo mno kuzungukwa na klorini tano.

Dalili: michoro miwili, yote inaonekana sawa

Salfeti, SO₄²⁻, ina 32. Mchoro wa kwanza una bondi nne za kawaida: salfa ina nane, chaji yake rasmi ni +2, kila oksijeni −1. Wa pili una bondi mbili za jozi mbili: salfa ina 12 na chaji sifuri. Mitihani mingi hupendelea wa pili kwa kuwa chaji zimepungua. Hesabu za kisasa zinaelemea wa kwanza, ukisomwa kwa maana ya bondi zilizobanwa na mvuto wa chaji kati ya salfa chanya na oksijeni hasi. Bondi zote nne zina urefu sawa, pikomita 149 hivi, kwa hiyo hakuna mchoro mmoja wenye mistari tofauti unaoweza kusimama peke yake. Jifunze yote miwili, na kwenye mtihani fuata ule unaotakiwa na mtaala wako.

Dalili: kila atomu ina nane, lakini maabara inakataa

Hii ndiyo ngumu kuigundua, kwa sababu karatasini hakuna kinacholia. Oksijeni, O₂, ina elektroni 12. Bondi ya jozi mbili, jozi huru mbili kila upande, okteti imetimia, chaji rasmi sifuri. Mchoro safi kabisa, na unasema elektroni zote ziko kwenye jozi. Lakini mimina oksijeni kimiminika, yenye rangi ya samawati hafifu na baridi ya nyuzi 183 chini ya sifuri, kati ya ncha za sumaku yenye nguvu, na inaning'inia hapo. Michael Faraday alikwisha kuiona oksijeni ikivutwa na sumaku katika karne ya 19. Kitu ambacho elektroni zake zote ziko kwenye jozi hakivutwi hivyo. Lazima kuna elektroni pweke.

Usijaribu kuurekebisha kwa nukta. Ukivunja jozi mbili uweke elektroni pweke kila upande na bondi ya kawaida katikati, urefu unakukana: bondi ya O₂ ina pikomita 121, fupi mno kwa bondi ya jozi moja, ambayo katika haidrojeni peroksaidi ina karibu 147. Bondi ni ya thamani ya mbili na elektroni pweke zipo, yote kwa pamoja. John Lennard-Jones alieleza hilo mwaka 1929 kwa obitali za molekuli: elektroni mbili za mwisho zinakuta obitali pinzani mbili zenye nishati sawa, kila moja inachukua yake, zikizunguka upande mmoja. Ukipewa swali la sumaku, rangi au elektroni pweke, chora obitali za molekuli. Mchoro wa Lewis haukutengenezwa kujibu maswali hayo.

Dalili: atomu ya kati ni metali ya mpito

Weka okteti pembeni. Ioni ya chuma Fe³⁺ ina elektroni 13 kwenye ganda lake la nje, ukihesabu ganda la tatu lote, na Fe²⁺ ina 14, na zote ni za kawaida kabisa. Kwenye bondi metali hizi hutumia obitali tano za d, moja ya s na tatu za p, jumla tisa, kwa hiyo namba inayotafutwa ni 18. Inafanya kazi vizuri zaidi kwenye misombo yenye kaboni monoksaidi, ambapo kila CO inaleta jozi moja. Kwenye obitali hizo tisa nikeli ina 10, CO nne zinaleta 8, na Ni(CO)₄ ina 18. Chuma kina 8, CO tano zinaleta 10. Kromi ina 6, CO sita zinaleta 12. Nje ya familia hiyo, namba 18 inavunjwa mara nyingi, na kwenye ioni zilizozungukwa na maji usiitegemee.

Ila pale inapofanya kazi, upungufu unasomwa vilevile kama ulivyosomwa kwa NO₂ na BF₃. Mn(CO)₅ ina 17, na mbili hujiunga metali kwa metali kuwa Mn₂(CO)₁₀. V(CO)₆ nayo ina 17, lakini vanadi imezingirwa na CO sita na haiwezi kumfikia mwenzake. Inabaki radikali, na ikipata mtoaji huchukua elektroni moja kwa urahisi na kuwa V(CO)₆⁻.